Daftari Halioni Nyumba

Nimekuja na namba kiganjani,
nimeiandika kwa wino wa buluu
kwa kuwa karatasi hupotea, mkono haupotei:
ploti mia nne na tatu, mtaa wa Kiti, Nakuru.
Mtambo wa kaunti umeikataa mara tatu.
"Haipo," imesema simu.
Nami jana nimelala ndani yake.

Dirisha la nne wanataka risiti ya mwisho.
Dirisha la sita wanataka ya kwanza.
Katikati kuna benchi,
na mtu wa Bahati aliyekuja na chupa ya chai,
anayejua, kama wajuavyo wagonjwa wa siku nyingi,
mlango upi hufunguka kabla ya saa nne.
"Teremka stoo. Muulize Jebichii.
Usimwite dada."

Jebichii anakula njugu kutoka kwenye bahasha ya serikali.
"Jina la mwenyewe?"
Nikasema langu. Akangoja.
Nikasema la baba: Yobesh Ondimu.
Hapo ngazi ikasogezwa,
daftari likashuka na vumbi lake,
vumbi lile lile la Nakuru
linaloingia hata kwenye sukari.

Safu, mistari, miandiko ya watu watatu au wanne.
Thamani ya ardhi: imejazwa.
Thamani ya jengo: mstari mmoja, mlalo, mkavu.
"Na nyumba?"
"Daftari halioni nyumba," akasema, akitafuna.
"Jenga ghorofa, jenga banda la kuku,
kwetu sisi ni udongo."

Madirisha ya ovataimu ya kiwanda cha blanketi.
Chumba cha tatu kilichongoja mabati miaka sita
tukakiita Bunge, maana hakikuisha maneno.
Vyote hivyo, mstari mlalo.
Nilitaka kugomba.
Kidole changu kikateremka safu ya malipo.

Machi. Machi. Machi. Kila mwaka baba,
kabla ya karo yetu, kabla ya Pasaka.
Halafu elfu mbili na nane: Machi, tupu.

Machi ile tulikuwa uwanja wa maonyesho,
familia tatu hema moja,
mama akikoroga uji kwenye sufuria ya mtu tusiyemjua.
Huku Kiti tumeacha kuta nne nyeusi
na mparachichi uliobabuka upande mmoja.
Daftari halikuandika moto.
Liliandika: malimbikizo. Liliandika: riba.

Lakini Juni.
Deni lote, na riba yake, siku moja,
na sahihi yake, ile O isiyofunga
kama mlango wa choo chetu.
Juni tulikuwa hemani bado.
Alituaga anakwenda kutafuta dawa ya kifua.
Kumbe alikuja hapa, akapanga foleni,
akalipia nyumba isiyokuwapo
kwa daftari lisiloona nyumba.

Sijui alimwambia nini karani wa siku ile.
Dawa hakurudi nayo, hilo nakumbuka,
na mama alinuna hadi Jumapili.

"Unalia au ni vumbi?"
"Vumbi."
Akanisogezea njugu.

Kosa lilikuwa la tarakimu tu:
walipotuingiza mtamboni, mia nne na tatu
ikawa mia nne na thelathini,
na huko kuna mtu anayeshangaa bado deni la nani hili.
Jebichii akasahihisha kwa kalamu nyekundu.
"Na jina tubadilishe? Lete cheti cha kifo,
barua ya chifu, karatasi za korti."
Nitaleta. Si leo.
Leo nimelipa, na risiti imetoka ikiwa na joto:
Imepokewa kutoka kwa Yobesh Ondimu.

Nikatoka mbio.
Mvua ilikuwa inashuka kutoka Menengai
na mapazia yote nimeyaacha kambani.